Shokapu za Mama Zipora

Kwa miaka thelathini na moja Mazengo aliendesha mabosi wa serikali, na sifa yake ilikuwa moja tu: walilala. Bosi angepanda na hasira zake zote, na kabla ya kufika Kongwa anakoroma. Mazengo alisimulia jambo hilo misibani, harusini, hata kwa watu waliokuja kununua kuku.

Ambaye hakuwahi kulala ndani ya gari lake ni mke wake. Alipostaafu alinunua Landkruza kuukuu, akaipenda kupita kiasi, na safari ya kwanza tu Dorothea akarudi ameshika kiuno.

"Unajidekeza, Mama Zipora," alimwambia.

Hapo aliharibu. Tangu siku hiyo Dorothea alisafiri kwa basi, na sasa, wiki moja kabla ya harusi ya mdogo wake kule Mvumi, alishatangaza kwamba Jumamosi atapanda basi tena. Dereva mzima afike ukweni peke yake, na gari tupu! Mazengo hakuiweza aibu hiyo. Akaenda gereji kwa Imrani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka shokapu za kumeza mashimo, ngumu kuliko zote ulizonazo."

Imrani alicheka, akamtolea za kurekebisha, kila moja na kitufe chake cha kuzungusha: namba moja laini, namba nane chuma kitupu. "Tunafunga, halafu tunachagua namba barabarani. Ila mzee wangu, wewe utakaa nyuma. Naendesha mimi."

Mazengo hakukumbuka mara ya mwisho kukaa kiti cha nyuma. Alipanda akinung'unika, wakaenda kwenye njia za makorongo nje ya Nkuhungu. Namba nane ilimgongesha kichwa kwenye paa. Anayeendesha ameshika usukani, tena shimo analiona likija. Wa nyuma hupashwa habari na kiuno chake. Kwenye namba sita aling'ata ulimi. Kwenye nne alitulia, na katika utulivu huo akalikumbuka lile neno lake la kujidekeza, akaona haya kwelikweli.

"Hiyohiyo nne," alisema, akishuka taratibu.

Jioni alimkuta mkewe anachambua mchicha. "Mama Zipora, nilikukosea. Leo nimekaa nyuma." Akamsimulia yote, kuanzia namba nane hadi nne.

Dorothea alimtazama anavyokalia kigoda upande upande, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Haya, nitapanda. Ila nikiumia nashuka hapohapo, nasubiri basi."

Jumamosi Mazengo alivaa suti nyeusi, akamfungulia mkewe mlango wa nyuma, upande wa bosi. Lami ilikwisha salama. Kwenye makorongo ya kwanza sauti ikatoka nyuma.

"Simama."

Mazengo akakanyaga breki. "Unashuka?"

"Unashuka wewe. Hiyo namba uliichagua kwa mgongo wa nani?"

Mazengo alifikiri. "Wangu."

"Haya, nenda chini ukachague wangu."

Akalala kwenye vumbi na suti yake, tairi moja hadi jingine, akazungusha vitufe vyote vinne mpaka namba tatu. Wakaenda kidogo. "Bado," alisema Dorothea. Akalala tena, akaweka mbili.

"Hapo sasa."

Kisha kimya. Mazengo alidhani amenuna, akaogopa hata kumsemesha. Mvumi ilipoanza kuonekana ndipo alipothubutu kutazama kioo: kichwa cha Dorothea kimeegemea dirisha, kilemba kimelala pembeni, mdomo wazi, anakoroma.

Furaha ilimjaa. Mbele, wakwe zake walikuwa wamejipanga langoni, mama mkwe ameshainua mikono kupiga vigelegele. Mazengo alipandisha vioo, akaweka kidole mdomoni, akawapita polepole. Akageuzia gari kanisani, akarudi, akawapita tena.

Alipopita mara ya tatu walikuwa wameleta viti, wamekaa, wanamsubiri. Dorothea alikuwa bado amelala.