Jezi za Darasa la Wasichana

Mwaka ule wa vita, nguo ziliadimika kabisa Likoni. Kitambaa cha merekani hakikuonekana madukani, leso zikawa za kusimuliwa tu, na mwenye kanzu moja aliifua jioni akaivaa mbichi asubuhi. Ndipo darasa la wasichana la shule ya serikali lilipoanza kupukutika. Kwanza waliacha kuja wakubwa. Kisha wengine wakawa wanakuja kwa zamu, leo dada, kesho mdogo wake, wote kwa gauni lile lile. Mwishowe Mwalimu Rosalia, aliyetoka kwao Rabai kuja kulianzisha darasa hilo, alibaki na vitoto vichache visivyojua bado kuona haya.

Mwalimu mkuu, Mramba, alimwita ofisini siku ya Jumatatu.

"Mkaguzi anakuja Alhamisi," alisema. "Wakubwa wa mjini wanatafuta ghala la mahindi ya posho. Akikikuta chumba chako kitupu atakichukua, na hapo sitakuwa na kazi ya kukupa."

"Watoto wapo, Mwalimu. Hawana nguo."

"Basi walete."

"Niwalete uchi?"

Mramba aliinamia karatasi zake. Alikuwa na watoto wake wa kike nyumbani, na Rosalia alijua kuwa nao wameacha kutoka nje.

Mchana ule alizunguka nyumba hadi nyumba. Kila mahali alikaribishwa vizuri, akaulizwa habari za kwao, na alipotaja shule watu wakatazama chini. Kwa Bi Mwanarusi, mjane aliyekuwa akisuka mikeka, alipiga hodi akiwa amechoka.

"Shikamoo, Bi Mwanarusi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

"Nimemfuata Waridi."

Waridi ndiye aliyekuwa akisoma vizuri kuliko wote. Mama yake aliuweka chini ukili aliokuwa akiusuka, akaita, "Waridi!"

"Abee, mama!" Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa chumba, lakini mtu hakutokea.

"Ingia umwone mwenyewe, mwalimu. Mimi siwezi kukueleza."

Rosalia aliingia. Msichana alikuwa amejibanza pembeni, amejizungushia mkeka ambao haujamalizika, ameushika kwa mikono miwili kifuani. Alijaribu kumwamkia mwalimu wake akashindwa, akageukia ukutani. Rosalia alitoka. Uani alifungua leso yake ya juu, akamwachia Bi Mwanarusi, akaenda zake na ile moja aliyobaki nayo kiunoni. Njiani alilia kwa hasira, kwa sababu leso moja ilikuwa kwa msichana mmoja, na wengine je?

Jumanne alfajiri alikwenda kupanga foleni kwenye duka la vitambaa, na kibali cha kununulia nguo mkononi. Wanawake walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Jua lilipopanda mwenye duka alitoka akasema vimekwisha, akafunga milango. Mwanamke mmoja mjamzito alikaa chini pale pale kwenye vumbi akakataa kuinuka.

Aliporudi shuleni, alimkuta Boga, nahodha wa timu ya mpira, akimsubiri na furushi. Kulikuwa na mechi Jumamosi, na kama kawaida jezi zilipelekwa kwa wasichana kufuliwa. Zilikuwa jezi nzito za pamba, za mistari ya buluu na nyeupe, na Mramba alizipenda kama roho yake. Alikuwa ameziomba kwa barua chungu nzima kabla ya vita, na kila baada ya mechi alizikunja mwenyewe.

Rosalia alilifungua furushi juu ya meza. Alikipima kitambaa kwa kiganja chake. Akalifunga tena, akaenda moja kwa moja kwa Mramba.

"Nipe jezi hizi, Mwalimu. Nakuomba. Nikizifumua nitapata magauni ya kutosha kujaza benchi mbili."

"Umerukwa na akili?"

"Wasichana wamevaa mikeka."

"Rosalia, vijana wangu hawana kitu kingine duniani cha kujivunia. Kazifue."

Alitoka na furushi. Hakuzifua. Alikwenda kwa Bi Mwanarusi, akaazima kisu na sindano, akaketi uani akaanza kufumua mishono. Bi Mwanarusi aliokota jezi moja.

"Zina ruhusa hizi, mwalimu?"

"Shona, Bi Mwanarusi."

Kutwa nzima ya Jumatano walishona, wao na kina mama wengine waliopata habari, kila mmoja akimshonea wa kwake.

Alhamisi mkaguzi alipoingia, wasichana walisimama, mistari ya buluu kutoka shingoni hadi magotini, wengine wamejaliziwa kiuno kwa kipande cha gunia. Walimwamkia kwa sauti moja. Mramba, aliyekuwa nyuma ya mkaguzi, alishika mwimo wa mlango.

Mkaguzi alitabasamu. Aliomba mmoja asome, na Waridi akasoma ukurasa mzima bila kukwama. "Vizuri sana," alisema mkaguzi. Kisha alitoa futi ya utepe mfukoni, akamwomba Mramba ashike upande mmoja, wakapima urefu wa chumba, na upana, wasichana wakisogea kupisha.

"Bwana," alisema Rosalia, "darasa limejaa. Si umewaona?"

"Nimewaona, mama. Lakini amri ilitoka wiki iliyopita. Mimi nimekuja kupima tu."

Lori la magunia lilifika kabla ya adhuhuri. Wasichana wenyewe ndio waliotoa benchi nje.

Mramba alimkuta Rosalia amesimama kando ya ubao, uliokuwa umeegemezwa ukutani nje.

"Umeniharibia timu bure," alisema. Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa imekauka. "Boga amelia mbele yangu. Nitawaambia nini?"

"Waambie ni mimi."

"Nimeshawaambia. Jumamosi watacheza matumbo wazi. Kazi huna tena, Rosalia. Hata ningetaka, sina pa kukuweka."

Rosalia alipakia vitu vyake kwenye kikapu siku hiyo hiyo. Lakini Bi Mwanarusi alikuja kumzuia, akamwambia uani kwake kuna kivuli na mtoto hajamaliza kitabu. Rosalia alikubali. Alifundisha pale, chini juu ya mikeka, wasichana wakiandika mchangani kwa vidole. Mwanzoni walikuwa wengi. Halafu unga ukapungua, wengine wakapelekwa kwa ndugu bara kutafuta chakula, mmoja akaposwa. Bi Mwanarusi aligawana sahani yake na mwalimu, naye Rosalia akajifanya hana njaa.

Asubuhi moja alijikuta kwa njaa hawezi kusimama mbele ya watoto bila kushika nguzo. Akakaa. Waridi alimtazama, akachukua kitabu, akaanza kuwasomea wenzake mahali mwalimu alipoishia, taratibu, akirudia kila neno. Rosalia alimsikiliza huku amefumba macho. Alijua kwamba kesho itambidi aende zake Rabai, wala hakujua amwambieje Waridi.