Rangi ya Krismasi

Asubuhi ya Krismasi fundi bomba alikuwa amepiga magoti katika chumba cha kujifungulia cha zahanati, nchi ya watu, akikwangua ukuta kwa patasi. Alikuwa anatafuta bomba. Mkunga alishamwambia lipo hapo hapo, ila limemezwa na rangi.

Kila Krismasi zahanati ile hupata kundi la wamisionari, na kila kundi hupaka rangi yake juu ya rangi ya wenzao, huandika mstari wa Biblia, hupiga picha, hiloo linarudi kwao. Rangi nayo ilikuwa inanenepa. Chumba cha vitanda vinne kilibaki na kimoja, na mkunga aliingia kwa ubavu. Mizani ya watoto alishaihamishia dirishani.

Fundi, aliyekuja na kundi la mwaka huu, alikuwa amefura. Alimwacha mke na kichanga nyumbani, akabeba begi zima la vifaa kwa kuwa aliambiwa huku maji hayatoki, na tangu afike anashikishwa brashi tu. Chini ya kijani akakuta waridi. Chini ya waridi, bluu, na mstari ule ule kwa mwandiko mwingine. Mkono ulishazama hadi kiwiko alipogusa chuma cha baridi.

Mchungaji, kiongozi wa kundi lao, akachungulia. Ibada inaanza, alisema, na huo ukuta mbona unachimbwa?

"Nimelifikia bomba, Mchungaji. Nipe saa moja tu."

"Maji ni mradi mwingine, ndugu yangu. Sisi tumeletwa kupaka."

Wakati huo mama mmoja alimleta mkwe wake, uchungu umeshamkaza. Wakajaribu kumwingiza mlangoni kwa mbele, wakajaribu kwa ubavu kama watu wanaohamisha kabati. Tumbo likagoma. Mkunga akatandika shuka barazani na kunawa mikono kwa kikombe cha maji ya kunywa.

Uani, Mchungaji alikuwa anahubiri jinsi Mariamu na Yusufu walivyokosa nafasi. Waumini waliguna kwa huruma. Mtoto alipolia barazani, mtu alitumwa kuomba wapunguze sauti kidogo.

Mtoto alikuwa wa kike, mzima. Bibi yake alimfuata fundi na beseni tupu.

"Baba, maji umeyapata? Mama yake hajaoshwa."

"Niliyagusa tu, mama," alisema fundi.

Baada ya ibada akapewa ndoo ya rangi ya njano. Angeweza kukataa. Lakini wenzake wote walikuwa wameshavaa fulana za kupigia picha, wanamngoja, akapaka huku anasaga meno. Tundu lake likajaa lenyewe, bomba likazama, na kitanda cha mwisho kikasukumwa na rangi taratibu hadi nje ya mlango.

Mkunga alikipokea, akakiweka barazani, akamlaza mzazi. Kisha akarudi kumshikia fundi ngazi.

"Mwakani, kaka, mje na brashi fupi," alisema. "Hizi hazitageuka humu ndani."