Benchi la Wafiwa

Mimi ni seremala, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni majeneza. Watu huja dukani macho mekundu, nawauliza urefu wa marehemu, nawapa pole, naanza kuranda mbao. Pole nimezitoa hadi zimekosa ladha mdomoni. Kupewa, sijawahi kupewa hata moja. Nililelewa kwenye kituo cha watoto yatima, sina mke wala mtoto, na aliyeniacha pale mlangoni hakuacha hata fununu ya ukoo wangu. Mtu asiye na mtu hafiwi, ndivyo nilivyojua.

Siku niliyobatizwa, mchungaji aliniambia mbele ya kanisa zima kwamba kuanzia hapo Mungu ni Baba yangu, amenichukua niwe mwanawe kwa ajili ya Kristo, na watoto wake wote ni ndugu zangu. Nikaitikia amina. Ibada ikaisha, ndugu zangu wakaenda kula makwao, nami nikarudi chumbani kupasha kiporo. Nikasema moyoni, haya, undugu wenyewe unaishia getini.

Aliyesimama nami siku hiyo alikuwa Mama Pasi, mwanamke mzee aliyeishi kwa kufua na kunyoosha nguo za watu. Mchungaji alipouliza nani anasimama na huyu, yeye alinyanyuka, kilemba chake kikinifika begani, akasema, "Mimi. Huyu ni mwanangu." Wala hatukuwa tumewahi kusalimiana vizuri. Tangu hapo, kila Jumapili aliniwekea nafasi benchi la mbele, mkoba wake juu yake ili mtu asikae. Na kila Jumapili mimi nilikaa la nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Mwanangu, mbona unakaa kama mgeni?" aliniuliza tukitoka.

"Nafuata upepo, mama."

"Upepo gani, na dirisha la kule halifunguki tangu lipakwe rangi?"

Alikuwa ananijua, yule. Nami nilimwita mama kama ninavyomwita muuza nyanya, heshima tu, basi.

Halafu akafa. Mchungaji alikuja dukani, akasimama katikati ya maranda.

"Fundi, Mama Pasi ametutoka. Jeneza litalipiwa na kanisa."

"Urefu nimuulize nani?" nilisema kwa mazoea.

"Hana mtu. Tumeulizia hadi alikopanga. Hakuna."

Alipoondoka nilisimama wima ukutani, nikaweka kidole begani pale kilemba kilipokuwa kinafika, nikapima kutoka hapo hadi sakafuni. Nikapunguza kimo cha kilemba, nikaongeza nafasi kama kawaida. Sijawahi kukata mbao za marehemu kwa kujipima mwenyewe. Niliuweka msumeno chini, nikakaa kwanza.

Siku ya maziko, kazi yangu kwa kawaida huishia mlangoni: nakabidhi jeneza, natia bisibisi mfukoni, nakwenda zangu. Safari hii nilikaa kwenye benchi langu la nyuma. Mbele, benchi lililotengwa kwa ajili ya wafiwa lilikuwa tupu. Kwaya iliimba ikiangalia pembeni. Mzee wa kanisa, tunayemwita Mzee Funguo kwa sababu hata choo cha kanisa anakifunga yeye, alinijia kwa kunyata.

"Fundi, nisaidie tulitoe lile benchi. Likikaa wazi vile linatia aibu."

"Liache."

"Kwani ana mtu?"

Niliangalia lile benchi tupu. Nikisema hana, basi mchungaji alinidanganya siku ya ubatizo, Mama Pasi naye alidanganya, na mimi bado ni yule mtoto wa mlangoni. Na yeye anazikwa hivyo hivyo, hana mtu.

"Ana mtoto," nilisema.

Nikapita katikati ya kanisa na suruali yangu ya kazi yenye vumbi la mbao, nikakaa. Benchi lilikuwa refu. Nilikaa nikaacha nafasi ya mkoba wake. Sitasema nilifarijika, maana sikufarijika. Niliona upweke kuliko siku zote, ila safari hii upweke ulikuwa wa kumkosa mtu. Tulipoomba, lile neno Baba ambalo huwa nalimung'unya lilinitoka kwa sauti, na kilio kikafuata.

Ibada ilipoisha nilibaki nimesimama pale peke yangu, sijui mikono niiweke wapi. Mzee Funguo ndiye aliyetangulia. Alinishika kwa mikono yote miwili.

"Pole, ndugu yangu. Pole kwa kufiwa na mama."

Wengine wakaja nyuma yake, mmoja mmoja, na kila mmoja alisema hivyo hivyo.  Nilisema asante, asante, kama mtu aliyeletewa chakula.

Kesho yake sikufungua duka. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, na mteja mmoja akapita kuulizia meza yake.

"Vipi fundi, unaumwa?"

"Hapana. Nimefiwa na mama yangu."

"Pole sana." Akaniangalia. "Sikujua kama una mama."

"Hata mimi nimechelewa kujua," nilimwambia.