Macho ya Viazi

Mwalimu Gottlieb Wörner alipofika kwenye mstari wa mwaka 1816 ubaoni aliishikilia chaki hewani kidogo, kisha akaishusha bila kuandika kitu.

Juu yake miaka mingine ilikuwa imekaa vizuri ubaoni, kila mmoja na mstari wake. 1811: nyota yenye mkia yaonekana mbinguni. 1812: Kaisari wa Wafaransa aenda Urusi, na vijana wetu pamoja naye. 1813: vita vikubwa Leipzig. 1814: Kaisari ashindwa. 1815: arudi, ashindwa tena. Hivyo ndivyo alivyowafundisha historia ya dunia watoto wa kijiji chetu, huku juu kwenye milima ya Alb. Asubuhi ile ya Machi 1817 walikuja tisa. Siku za shibe walikuwa ishirini na saba, lakini sasa wengi hawakuwa na nguvu za kupanda kilima.

"Mwalimu, mbona mwaka jana umeuacha wazi?" aliuliza Dorle, binti wa miaka sita, aliyezaliwa mwaka wa ile nyota.

"Kwa sababu sijui niandike nini. Kiangazi hakikuja. Theluji ilianguka Julai, ngano ikaoza ikiwa mbichi. Kwa nini? Sijui."

"Baba angejua. Baba yuko pale." Dorle akanyoosha kidole kwenye mstari wa 1812.

Mwalimu alipangusa mikono, akatazama dirishani. Vijana kumi na mmoja waliondoka mwaka ule, akarudi Konrad peke yake, bila vidole vya miguu.

Kama mtu angemwambia kwamba upande wa pili wa dunia, katika kisiwa kiitwacho Sumbawa, mlima ulikuwa umelipuka, na vumbi lake likasafiri angani mwezi baada ya mwezi hadi likaja kulififisha jua letu, angemwona mwendawazimu. Mimi mwenyewe nikilifikiria jambo hilo hadi leo nywele zinanisimama.

Jioni alimwambia mkewe, Rosine, kwamba anataka kuwagawia watoto viazi wakapande. Chini ya nyumba vilibaki thelathini na kimoja, posho yake ya mwisho.

"Umerogwa, Gottlieb? Mtoto mwenye njaa ukimpa kiazi atakipanda tumboni!" Kisha Rosine akachukua kisu. "Mpe jicho."

Akachokoa pale chipukizi linapotokea, jicho likatoka na kipande cha kiazi kisichozidi ukucha. Kiazi kilichobaki akakitupia chunguni.

"Hivi tutakula na tutapanda," alisema. "Lakini yasipoota, mume wangu, hiyo ndiyo supu yetu ya mwisho."

Kesho yake harufu ya supu iliwaleta wote ishirini na saba. Walipomaliza kulamba mabakuli, kila mmoja alipewa macho matano, akayafukia kando ya ukuta wa shule unaopata jua. Konrad alisimama na fimbo yake akiwacheka.

"Mwalimu, siku hizi unafundisha maganda kusoma?"

"Yatakushinda wewe. Shika jembe."

"Nimetoka Moscow nikila mkanda wangu wa kiunoni, ndugu yangu. Hayo maganda nipe mimi, usiyape minyoo." Lakini jembe alilishika.

Mwezi wa Mei yaliota. Gottlieb alipita akiyagusa majani moja moja, mtu mzima yule. Ni kipande cha Dorle tu kilichobaki udongo mtupu, na nyumbani kwao mama yake alikuwa akichemsha nyasi.

Asubuhi moja Mwalimu alimkuta Dorle amepiga magoti, anafukua.

"Unafanya nini, Dorle?"

"Naangalia kama yamefumbuka. Kila siku naangalia. Yataonaje yakifunikwa?"

Manne yalikuwa yameoza. Moja lilikuwa bado gumu. Mwalimu hakujua acheke au alie.

"Haya huona gizani, mwanangu. Ukiyafukua unayapofusha."

Dorle akalifunika taratibu. "Konrad anasema baba naye yuko udongoni, kule Urusi."

"Ndiyo," alisema Gottlieb. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema. "Yuko udongoni."

Tangu siku hiyo mtoto alikuja kukaa tu mbele ya kipande chake, mikono ameikalia ili isimponyoke.

Agosti likaingia gari la kwanza la ngano mpya. Gottlieb alipiga kengele za kanisa mpaka viganja vikachubuka, akatoka kutazama. Farasi walivishwa maua. Wanaume walivua kofia, wanawake walipiga magoti barabarani, na watu wawili waliokuwa hawasemezani tangu vita walishikana mikono. Konrad alilia waziwazi. Watoto walitangulia mbele ya gari wakiimba, lakini Dorle hakuwamo.

Alikuwa darasani, magoti yamejaa udongo, aproni ameikunja mikononi.

"Moja tu, Mwalimu! Jicho moja tu, vimetoka viazi vitano! Imekuwaje?"

"Sijui," alisema Gottlieb, na safari hii neno hilo lilimjaza furaha. "Haki ya Mungu, Dorle, sijui kabisa."

Bila shaka Dorle alikuwa na njaa; alimeza mate alipovitazama. Akavihesabu tena. Kisha akachagua kimoja, si kidogo kuliko vyote, akakiweka kwenye kibao cha kuwekea chaki, chini ya mstari wa 1812.

"Hivi vya mama na ndugu zangu. Hicho cha baba."

Akatoka mbio kuelekea kwenye nyimbo.

Hakuna aliyekigusa, hata Rosine ambaye hufuta vumbi kila mahali. Theluji ilipoyeyuka Machi iliyofuata, kiazi kilikuwa kimekunjamana kama shavu la bibi kizee, na kutoka kwenye macho yake machipukizi manne yalikuwa yamepita mbele ya ubao, yote yameelekea dirishani.