Kitabu Kilichochafuka Hadi Mwisho

Tangu baba yao afariki, dada mtu ndiye aliyeshika duka la vitabu vilivyotumika: chumba kimoja chembamba, rafu hadi darini, harufu ya gundi na karatasi kuukuu. Shule aliiacha kabla ya kumaliza msingi, na vitabu vingi alivyouza viliandikwa kwa lugha asiyoijua.

Asubuhi hiyo mdogo wake wa kiume, mwanafunzi wa hisabati chuo kikuu, aliingia akaketi juu ya kreti lake la utotoni, magoti yakimfika kidevuni.

"Karibu, Profesa," dada akamtania. "Mbona uso umekunjamana kama shati la mkobani?"

"Naacha, dada. Jumatatu namwambia mhadhiri anibadilishie somo." Akatoa kitabu chembamba kilichotumika. "Makundi ya aljebra mstari. Nilisoma kurasa chache tu, jasho likanitoka. Wamewaandikia wanaojua tayari."

"Makundi ya nini hayo?"

Akakizungusha kitabu mkononi, akakipindua, kisha akakirudisha kilivyokuwa. "Ya migeuzo kama hii. Kila mgeuzo unaweza kuutengua, na ukifuatisha miwili unapata mwingine wa kundi lile lile. Sisi tunaiandika kwa miraba ya namba. Hapo ndipo ninapozama."

Dada alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alikuwa akitazama ubavu wa kitabu: kurasa za mwanzo nyeusi ti, zilizobaki nyeupe pe.

"Jalada hupambwa," baba alizoea kusema, huku akikoroga gundi yake ya unga. "Tazama ubavu. Kilichochafuka mwanzo tu, watu wamekikimbia. Kilichochafuka hadi mwisho kimemfikisha mtu."

Utotoni, kila jioni walishindana, yeye na Profesa, kutafuta kitabu kichafu kuliko vyote. Mshindi alibebwa na baba mabegani hadi nyumbani. Profesa alishinda karibu kila siku, maana dada alikuwa akimwachia.

Sasa dada akapanda ngazi, akapekua rafu ya hisabati, akashuka na kitabu kinene, ubavu mzima rangi ya chai. "Hiki hapa!"

Profesa akakifungua, akaangua kicheko. "Dada! Hiki si cha makundi. Ni cha miraba ya namba yenyewe, cha wanaoanza kabisa."

Dada akaona haya. Akanyoosha mkono. "Basi nipe nikirudishe."

Lakini Profesa hakumpa. Alifunua ukurasa mmoja, akafunua wa pili. Kicheko kikamkauka.

"Ngoja kidogo. Hapa mwaka wa kwanza walitupitisha mbio. Kumbe mraba ndio huo mgeuzo... mbona hapa wameuchora?"

Wateja wakaingia, wakatoka. Kalamu yake ikawa inakwaruza nyuma ya bahasha kuukuu. Kisha akalamba kidole na kufunua ukurasa, vile vile alivyofanya akiwa mdogo.

"Mate tena!" dada akafoka. "Kitabu si peremende!"

Maneno yalikuwa ya baba, na sauti pia ilitoka kama yake. Wakatazamana, wakacheka.

"Na Jumatatu je?" dada akauliza polepole.

"Jumatatu nitamwomba anisubiri. Nimeanza kuelewa."

Dada akakichukua kile kitabu chembamba, akakifuta vumbi, akamwekea chini ya meza, pamoja na vitu visivyouzwa, hadi atakapokirudia. Kurasa zake nyeupe zilikuwa bado nyingi.