Filomena Wawili

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, majina ya wapiganaji wa mji wa Miagao husomwa mbele ya kanisa la mawe, na kila mwaka jina la Filomena Famatid lilisomwa katika fungu la waliokufa. Mwenye jina alikuwa akilisikia huku amekaa kitini, mzima, mwavuli mkononi. Kwa muda mrefu halikumuuma. Mumewe, Ambrosio, aliyepigana msituni pamoja naye wakati wa Wajapani, alikuwa akikaa ubavuni pake, na jina lilipotajwa alimbana kiwiko na kumnong'oneza, "Marehemu, nyoosha mgongo, watu wanakutazama." Hapo wote wawili walijikaza wasicheke mbele ya padri.

Mwaka ule Ambrosio hakuwepo. Alikuwa amezikwa Novemba, kwa bendera na milio ya bunduki, na mjane wake, ambaye nyumbani aliitwa Mena tu, akapangiwa kiti katika safu ya wajane. Jina liliposomwa, alisimama Cording, binti wa baba yake mdogo, akiwa ameshika picha ya dada yake aliyeuawa vitani na nishani mbili zilizotiwa kwenye fremu ya kioo. Msomaji akaeleza kwamba Filomena Famatid alivusha barua na risasi kati ya pwani na milima, masika na kiangazi, mpaka adui alipomkamata na kumuua. Mena akageuza kichwa huku na huku akitafuta uso hata mmoja unaojua kwamba miguu iliyoipanda milima ile ilikuwa yake. Hakuupata. Wa mwisho aliyejua, mumewe, alikuwa amemzika mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Ndugu wawili wa baba mmoja walizaa mabinti karibu wakati mmoja, na kila mmoja akampa wake jina la bibi yao, Filomena. Ili wasichanganywe nyumbani, mmoja akaitwa Mena na mwingine Nening. Vita vilipokuja, Mena aliwafuata wapiganaji akawa mjumbe wao. Nening alibaki nyumbani akishona, msichana mpole aliyeogopa hata mbwa wa jirani. Siku moja Mena alilazwa na malaria kali na kulikuwa na barua isiyoweza kungoja. Nening akalichukua kapu la samaki wakavu, barua ikiwa chini yake, akaenda yeye. Wajapani walimkamata darajani, na aliyeshuhudia akaipeleka habari juu milimani: Filomena Famatid ameuawa. Kamanda, aliyekuwa kambi ya mbali, akaandika hivyo. Haukupita mwezi naye akauawa, na hakuna aliyerudi kufuta.

Vita vilipokwisha, jeshi lilileta nishani kwa wazazi wa Nening. Mena angeweza kusema neno siku ile. Alimtazama baba yake mdogo akizipokea kwa mikono miwili, mtu ambaye hata maiti ya mwanawe hakupewa, akafunga mdomo. Ambrosio alijua, na hilo lilimtosha.

Sasa halikumtosha tena. Jioni ya siku ile ya kusomwa majina, wakila mchuzi wa mbaazi na fenesi, alimwambia binti yake Delia kila kitu. Delia, mwalimu wa shule ya msingi, aliweka kijiko chini.

"Mama, miaka yote hii unaniacha nifundishe watoto habari za mama mdogo Nening, kumbe ni wewe?"

"Si mimi. Ni yeye na mimi."

"Basi twende mjini wakaandike hivyo."

Wakaenda Iloilo. Ofisini wakapokewa na luteni mmoja kijana, Villaruz, mwenye sauti ya taratibu. Akafungua majalada, akasoma, akakuna shingo.

"Samahani, mama. Kwa kumbukumbu zetu, wewe umeshakufa."

"Basi marehemu ana njaa," Mena akasema. "Ametoka nyumbani alfajiri."

Luteni akacheka, akaagiza chai ya tangawizi na mkate. Akaeleza kwamba kumbukumbu inaweza kusahihishwa na nishani zikatolewa, ila anahitaji kiapo cha mtu wa ukoo aliyewajua wasichana wote wawili na aliyejua nani alifanya nini. Wa ukoo aliyewajua wote wawili alikuwa amebaki mmoja tu, na Mena hakuwa na hakika kama huyo alijua nani alifanya nini.

Cording alikuwa mfumaji. Mena alimkuta amekaa kwenye mtambo wake wa mbao uani, miguu ikikanyaga, kitambaa cha mistari ya kijani kikiongezeka mbele yake kidogo kidogo. Hakuacha kufuma.

"Umekuja kununua au kukagua, dada Mena?"

"Nimekuja kuomba."

"Mh. Leo mvua itanyesha."

Mena akavuta kiti akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati na kurudi nyuma, na kadiri alivyoendelea ndivyo miguu ya Cording ilivyopungua mwendo, mpaka mtambo ukanyamaza.

"Kwa hiyo dada yangu hakufanya kitu," Cording akasema.

"Alifanya nisilolifanya mimi. Alikwenda na hakurudi."

"Usinipake mafuta. Mimi ni mtu mzima." Cording alianza kuzungusha uzi kidoleni. "Nani alikuwa akikuwekea kitambaa cha maji usoni siku ile? Ulikuwa unaweweseka, unataka kuamka uende. Nening akaniambia, mlaze huyu, mkalie kama ikibidi. Unadhani sikuona ameondoka na kapu la nani? Nilikuwa mtoto, sikuwa kipofu."

Mena akasogeza kiti karibu.

"Aliogopa mbwa," Cording akaendelea. "Alizunguka shamba lote la mpunga ili asipite mlangoni kwa wale wenye mbwa. Nilimwona mpaka akawa mdogo kabisa. Mama alimwekea chakula mpaka kikachacha, na hata kilipochacha hakukimwaga."

"Kwa nini hukusema kamwe?"

"Mbona na wewe hukusema?"

Kuku wakaingia uani, hakuna aliyewafukuza.

"Wataandika wote wawili?" Cording akauliza mwishowe.

"Luteni amesema watasahihisha."

"Sikukuuliza kama watasahihisha. Nimekuuliza, wataandika wote wawili?"

"Ndiyo," Mena akajibu, kwa kuwa ndivyo alivyoamini.

Cording aliapa wiki ile ile. Alivaa gauni lake la kanisani, akayasema yote mbele ya luteni bila kuongeza na bila kupunguza, akatia saini kwa mwandiko wake wa taratibu.

Nishani zilifika wakati wa mvua. Mena aliitwa kambini pamoja na Delia, akasimamishwa mstari mmoja na wanaume wawili wazee, mmoja akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Lilipotajwa jina lake alisema "Nipo" kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe, kubwa, ya msichana. Ofisa alipombandika nishani kifuani alihisi joto likimpanda mpaka masikioni. Kusema kweli alifurahi. Waliporudi walipitia makaburini, akamwonyesha Ambrosio, akalia kidogo, akala keki ya mchele aliyonunuliwa na Delia njiani. Ilikuwa siku njema, na baadaye alijichukia kwa kuifurahia.

Kwa maana haikupita muda Cording alikuja. Hakupiga hodi. Aliweka mezani furushi lililofungwa kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, akalifungua. Ndani mlikuwa na fremu ya kioo na nishani mbili za Nening.

"Wameniletea taarifa nizirudishe," akasema. "Wanasema mwenye nishani ni wewe na uko hai. Nishani ya aliyeuawa haina mwenyewe. Dada yangu wanasema hakuandikishwa, kwa hiyo hakuwa mwanajeshi. Jina kwenye jiwe la kumbukumbu kanisani nalo litatolewa."

"Cording, mimi sikujua."

"Nilikuuliza."

"Sikujua, mdogo wangu."

"Nilikuuliza mara mbili." Cording hakupandisha sauti. Alichukua picha tu kutoka kwenye fremu, akaikumbatia. "Hivi vyuma wapelekee wewe. Si ndiyo kazi yako, kubeba vitu vya jeshi?"

Akatoka. Delia alitaka kumfuata, mama yake akamshika mkono.

Mena alikwenda mjini peke yake. Hakukubali chai. Aliweka nishani zake na za Nening, zote, juu ya meza ya luteni.

"Rudisha kama ilivyokuwa," akasema.

"Haiwezekani, mama."

"Nirudishie kifo changu. Nilikaa nacho miaka yote hii, hakikunidhuru."

Luteni Villaruz hakucheka safari hii. "Umeapa mbele yangu kwamba wewe ndiye Filomena Famatid na kwamba u hai. Siwezi kukuandika umekufa ilhali nazungumza nawe."

"Basi mwandike na yeye."

"Kama nani? Hakuwahi kuandikishwa. Safari moja, mama, tena bila amri ya mtu. Sheria inamwita raia aliyepoteza maisha."

"Barua aliyoibeba ilikuwa ya raia?"

Luteni akainamisha macho. Alikuwa mtu mwema, na wema wake haukuwa na pa kushika. Akasema kitu pekee anachoweza ni kupokea ombi jipya, kwa ajili ya Nening, alipeleke juu, ila asitumaini sana. Mena akasema alipeleke. Nishani zake alirudishiwa, za Nening zikabaki mezani.

Jina lilitolewa kwenye jiwe kabla ya Krismasi. Fundi alilisugua mpaka likatoka, pakabaki mahali palipopauka katikati ya majina ya wengine. Mena alipita pale akienda misani, na kila akipita alitembea upande wa pili wa barabara. Nishani zake alizifungia sandukuni chini ya mashuka. Delia aliuliza mara moja kama angependa zitundikwe, hakuuliza tena.

Cording hakusema naye. Sokoni waligeuziana migongo, au tuseme Cording aligeuza mgongo na Mena akabaki ameutazama. Watu wakasema hili na lile: kwamba bibi mzima ameona wivu kwa maiti. Mena hakujitetea. Katika yote yaliyosemwa, hilo ndilo lililomnyima raha, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba ni uongo.

Kisha luteni akamtumia habari: wakubwa wamekubali kulitazama ombi, lakini wanataka kiapo cha pili kuhusu siku yenyewe ya kifo. Maana yake ni kwamba lazima arudi kwenye mtambo ule wa mbao. Alizunguka siku kadhaa kabla hajapata moyo.

Cording alimsikiliza bila kumtazama.

"Nikiapa tena watanichukulia nini safari hii? Nimebaki na picha."

"Sijui," Mena akasema. "Safari hii siahidi kitu. Wanaweza kukataa. Huenda watakataa."

"Sasa unanifuatia nini?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa nimelala. Sikumwona akiondoka. Mtu aliyemwona ni wewe."

Mtambo ukaenda mistari kadhaa, ukasimama. "Jumanne nina kitambaa cha mtu cha kumaliza," Cording akasema. "Jumatano."

Walikwenda Jumatano, wakakaa benchi moja, mikoba ikiwa katikati yao. Karani mpya, asiyewajua, aliuliza marehemu alikuwa nani kwao. Mena akangoja mwenzake ajibu.

"Dada yetu," Cording akasema.

Jibu lilichukua muda mrefu kuja, na lilipokuja lilikuwa hapana. Mena angeweza kumtuma Delia. Aliitia barua ya jibu kwapani, akaenda mwenyewe kwa miguu, jua likiwa kali, akamkuta Cording anachambua mchele uani. Akamsomea. Yalikuwa maneno ya heshima: kwamba wakubwa wanashukuru, kwamba wanasikitika, kwamba Filomena Famatid aliyejulikana kwa jina la Nening, mshonaji, alichukua kapu la ndugu yake aliyekuwa mgonjwa, akakamatwa darajani na kuuawa kwa sababu ya barua aliyoibeba, lakini kwa kuwa hakuandikishwa hawawezi kumpa nishani.

Cording aliacha ungo mapajani.

"Wameandika Nening?"

"Wameandika."

"Na mshonaji?"

"Na mshonaji."

Cording alijifuta mikono kwenye gauni, akasogea kwenye benchi ili mwenzake apate pa kukaa.

"Soma tena hapo," akasema. "Polepole. Hapo kwenye jina."

Mena akakaa, akatafuta mstari kwa kidole, akaanza kusoma upya.