Bakuli Lililokutwa Nizwa

Baridi ya mji wa Ibra ni tamu, asikudanganye mtu. Ikiingia Disemba, watu waliojifungia na viyoyozi vyao kiangazi kizima hutoka majumbani, na Bi Aliya alikuwa wa mwanzo kutoka. Mume hana, amekufa, watoto wote wako Maskati, gari haendeshi. Alichokuwa nacho ni Bi Ghaniya, shoga yake tangu utoto wa Unguja, mwenye Corolla nyeupe na miguu isiyotulia. Kila Alkhamisi Ghaniya humpitia wakaenda Al Qabil au Sinau, na mara moja moja Nizwa. Penye mkahawa hupiga honi, mhudumu akawaletea chai ya maziwa garini, wakainywa kwa sambusa huku wakiwasema watu. Kisha huingia maduka ya vitu vikuukuu kufukua vijiko, mabirika na saa mbovu. Bila ya Alkhamisi hizo Aliya angekauka ndani kama papa aliyeanikwa.

Alkhamisi moja ya mwanzo wa 2005, mjini Nizwa, Ghaniya alikuwa duka la pili akibishania redio, na Aliya akaliona bakuli. Jeupe, ukingo wa kijani, maua mekundu ndani. Marehemu mama yake alinunua mabakuli sita kama hilo Darajani, kule Unguja, yakavuka naye bahari, na sasa nyumbani yalikuwa matano. Aliligeuza. Chini palikuwa na rangi nyekundu ya kucha, ile wanayoitia wanawake kwenye vyombo vinavyokwenda na chakula kwa watu, ili virudi kwa mwenyewe. Alama ya Aliya ilikuwa nukta moja. Hii ilionekana kama mistari miwili.

"Nukta imechubuka," alijiambia, na aliridhika upesi mno.

Akalinunua, akalificha mkobani. Njia nzima ya kurudi alizihesabu nyumba alizopeleka chakula. La mwisho alilipeleka kwa nani? Kwa Ghaniya huyu huyu aliyeshika usukani, Idi iliyopita, limejaa tambi. Basi Ghaniya ameliuza.

Kuanzia hapo kila alichokifanya Ghaniya kilikuwa ushahidi. Akinywa chai kikombe kimoja, amefilisika. Akinywa viwili, anakunywa pesa ya bakuli. Kwa nini yule mwenye duka wa Nizwa anamjua kwa jina? Kwa nini haulizi kilichomo mkobani? Aliya alikuwa na hasira, lakini zaidi alikuwa na hofu, maana akimpoteza Ghaniya hana mwengine. Ungedhani mtu mwenye hofu hiyo atauliza kwa upole. Wapi! Alikwenda kwa jirani yake Shukriya, mwanamke asiye na kifua, akamwaga yote.

"Astaghfirullah! Bi Ghaniya?" Shukriya alishika mdomo. "Simwambii mtu mmoja, wallahi."

Na kweli hakumwambia mtu mmoja. Aliwaambia wanne.

Zikapita Alkhamisi tatu, chai na sambusa kama desturi. Katika wiki ya nne Aliya alichoka kungoja, akamwalika Ghaniya nyumbani Jumatano alasiri. Aliweka visheti ndani ya bakuli lile, akalisogeza mbele ya mgeni wake, akakaa kumkodolea macho kama askari wa forodha.

Ghaniya alikula visheti viwili. Akafuta vidole, akavihamishia vilivyobaki kwenye sinia, kimoja kimoja, kisha akaligeuza bakuli.

"Nilikuwa nikingoja utalitoa lini," alisema.

"Kumbe unalijua!"

"Nalijua. Langu."

Aliya alicheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri. "Lako? Hili la marehemu mama, shoga. Nilikuletea tambi siku ya Idi, wewe ukalipeleka Nizwa."

"La tambi nilikurejeshea siku ya pili, na halwa ndani. Alilipokea mjukuu wako Israa, aliyekuja kwa Idi." Ghaniya hakupandisha sauti. "Mama zetu walinunua duka moja, umesahau? Alama yako nukta. Yangu mistari miwili. Tazama vizuri basi."

Aliya alitazama. Ilikuwa mistari miwili, imenyooka, wala haijachubuka popote.

"Alipokufa bwana'ko ukakaa eda," Ghaniya aliendelea, "siku ya tatu nilikuletea supu ya kuku, kwa kuwa ulikuwa huli. Ndani ya hili. Miezi minne na siku kumi umo ndani, vyombo vya watu vimejaa jikoni, hakuna wa kuvirejesha. Nani amdai bakuli mwenye msiba? Nikanyamaza. Miaka saba hii, Aliya, nimenyamaza."

Halwa ile Aliya aliikumbuka sasa, aliila yote. Akakumbuka pia nyumba ilivyopakwa rangi baada ya Idi, na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwaambia mafundi wayachukue maboksi yote ya stoo, hana haja ya kuyafungua. Bila ya shaka bakuli la Ghaniya lilikuwamo, likauzwa mpaka Nizwa, na pengine lake la sita nalo.

"Mimi sikujua, Ghaniya. Haki ya Mungu sikujua."

"Hukujua, sawa. Lakini Shukriya aliniambia tangu wiki ya mwanzo. Alkhamisi tatu nimekupakia garini, nimekununulia chai, nikisema leo ataniuliza. Neno moja tu lingetosha. Hukuniuliza."

Ghaniya aliinuka na bakuli lake. Aliya naye akaruka, akavikumba visheti sinia nzima kwa mikono miwili ili avitie ndani, kwani walivyolelewa wao, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ghaniya akaliziba bakuli kwa kiganja.

"Lilikuja kwako limejaa," alisema. "Liache liondoke hivi hivi."

Alivaa viatu mlangoni pasipo haraka, kisha akageuka.

"Na kesho mwambie Shukriya akupeleke."

Aliya alibaki amesimama na visheti mikononi, akilia kwa sauti kama mtoto, mpaka Corolla ikawashwa na kuondoka.